Koki kwa Dazeni

Huku kwetu Kimara, ukiiacha Barabara ya Morogoro ukaanza kupanda kilima, nyumba nyingi zimehamiwa kabla hazijaisha. Hakuna anayeona haya. Unamaliza chumba kimoja na choo, unapiga bati, unabandika mlango wa mbao mahali pa mlango wa chuma utakaokuja baadaye, unamuaga mwenye nyumba wako wa Magomeni, unahamia. Nondo za nguzo za baraza zinabaki zimechomoza, zikingojea ghorofa. Zetu zilianza kungoja kabla kifungua mimba wetu hajaanza shule. Sasa yuko kidato cha pili na huzitumia kuanikia soksi.

Ndiyo maana kwetu Jumamosi si siku ya kupumzika, ni siku ya kumalizia. Mume wangu ana kauntabuku yenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza ameandika KUMALIZIA kwa herufi kubwa, na humo ndani hakijawahi kumalizika kitu isipokuwa kurasa. Ijumaa usiku, mshahara ukiwa umeingia mchana wake, huiweka mezani, huvaa miwani, na kutuita wote kikaoni. Kila mjumbe huruhusiwa hoja moja. Kifungua mimba alitaka viatu vya shule. Wa katikati hakuwa na hoja, alitaka kikao kiishe. Kitinda mimba, wa darasa la kwanza, alitaka sungura. Mimi nilitaka koki ya jikoni ibadilishwe.

Koki hiyo inastahili maelezo. Ilianza kuvuja usiku tu, kistaarabu. Baadaye ikafikia mahali ambapo kuifunga ilikuwa ni kuizungusha mpaka mwisho, kuirudisha nusu, kisha kuigonga kwa mwiko ubavuni, upande wa dirisha, si upande wa mlango. Kila mgeni aliyetaka kunawa mikono ilibidi apewe semina.

Mume wangu akaandika: koki, viatu, mapazia na bomba lake, rangi ya sebule, kikao cha harusi Jumapili saa kumi. Sungura hakuandikwa, na kitinda mimba aliona.

"Koki moja hata pale hadiwea ya njia panda ipo," nikasema. "Elfu kumi na mbili."

Akavua miwani. Mume wangu akivua miwani, ujue anakuja na uchumi.

"Mama, hiyo bei ya rejareja. Kariakoo koki hiyo hiyo ni elfu saba. Mtu anayetupa elfu tano barabarani utamwitaje?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini watoto walikuwepo.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu Rais Magufuli alipoigeuza sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, Jumamosi hiyo imekuwa na utaratibu wake: fagio kwanza, mengine baadaye. Mume wangu anaujua utaratibu huo vizuri sana. Isipokuwa anaamini pia kwamba mteja wa kwanza hupewa bei ya kufungulia biashara, kwa hiyo saa moja kasoro tulikuwa njiani, tumeoga, tumepiga pasi. Mama mjumbe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, reki mkononi.

"Shikamoo mama mjumbe," watoto wakaamkia kwa sauti moja.

"Marahaba wanangu. Familia nzima hivi, kuna msiba?"

"Hapana mama, tunawahi Kariakoo," mume wangu akasema.

"Kariakoo kumefungwa mpaka saa nne, baba. Mtaro uko wazi."

Tukazibua mtaro. Kiatu cha kushoto cha kifungua mimba, ambacho nilikuwa nimekipigia hesabu ya kufika angalau Jumatano, kilifia mle mle kwenye tope, soli ikabaki chini na mguu ukapanda na ngozi. Akaendelea na safari kwa kandambili. Tulipofika Kimara Mwisho kupanda mwendokasi jua lilikuwa limeshachanganya, na pasi ya nyumbani hakuna aliyeikumbuka.

Kariakoo wanakuja watu kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro kununua mizigo. Wanakuja na pesa ya kujaza kontena. Mume wangu huja na bahasha, lakini hutembea mwendo wa mtu wa kontena: mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, anapita kwenye vibanda bila kusalimia. Sisi tunamfuata kwa mstari, na mimi wa mwisho, nikihesabu vichwa.

Tulianza na mapazia, mtaa mmoja nyuma ya soko kuu. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba amekalia kiroba, anakula chipsi kwa kijiti.

"Mapazia haya bei gani, kijana?"

"Thelathini na tano, mzee wangu. Maongezi yapo."

"Kumi na tano."

Kijana akachoma chipsi, akaigeuza kwenye kachumbari, akaila yote kabla ya kujibu. "Hiyo hata ringi zake hupati, mzee."

"Bei ya mwisho?"

"Kwa kuwa ni asubuhi na sijauza kitu, lete thelathini. Nifungulie."

"Kumi na nane."

"Mzee wangu, usinitie nuksi."

Hapo ndipo inapoingia sanaa ya kuondoka, ambayo mume wangu anaiamini kuliko kitu chochote alichofundishwa shuleni. Unaweka bidhaa chini taratibu, unasema "haya bwana, biashara njema," unageuka, unatembea mwendo wa mtu asiye na haraka, na kabla hujalifikia duka la tatu unasikia nyuma yako: "Mzee! Njoo bwana, ongeza ongeza kidogo tumalize!" Tukaondoka. Duka la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu likapita, tena mume wangu akiwa amepunguza mwendo mpaka mwenye duka la tatu akadhani tunataka ndoo zake.

Hatukuitwa.

Akasimama kwenye kona, mahali ambapo kijana angetuona bila kusumbuka. Na kwa kuwa mwanamume mwenye familia hawezi kusimama tu barabarani, akaanza somo.

"Mnaliona lile jengo la soko?" akawaambia watoto. "Msanifu wake ni Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya 1970. Tazameni juu, nguzo zinapanda, halafu zinafunguka zinakuwa paa. Hewa inapita, mwanga unapita." Akageuza shingo kidogo. Kijana alikuwa anakula chipsi. "Chini kuna shimoni, sehemu ya jumla." Akageuza tena. "Likaungua Julai 2021." Kijana alikuwa anamfungia mama mmoja mfuko, mapazia yakiwemo, si yetu lakini ndugu zake. "Likaungua," akarudia mume wangu, na sijawahi kumsikia mtu akilizungumzia zege kwa simanzi kiasi kile.

"Nenda wewe," akaninong'oneza. "Jifanye hatujuani."

Nikaenda. Kijana hakuinua hata macho.

"Mama, mzee wako nilimwambia thelathini. Sasa ni thelathini na mbili."

"Imepandaje?"

"Ile ilikuwa ya kufungulia. Nimeshafungua."

Niliporudi nikaulizwa nimechukua kwa ngapi. Nikasema tumeelewana. Katika ndoa hilo ni jibu kamili, halina haja ya tarakimu.

Kwa wauza vifaa vya bomba, upande wa Gerezani, mambo yalikuwa ya heshima zaidi. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, mkimya, mbele yake kikokotoo chenye vitufe vikubwa. Aliuliza swali moja tu, lile lile linaloulizwa kila duka la pale: "Jumla au rejareja?"

Nina maoni yangu kuhusu swali hili. Bei ya jumla imewekwa kwa ajili ya mwenye duka. Mwenye jiko akiipata hapati faida, anapata stoo. Lakini mume wangu neno "rejareja" halimtoki mdomoni, ni bora atamke tusi.

"Rejareja elfu kumi na moja," mwenye duka akaeleza. "Jumla elfu saba, ila nakata dazeni."

Kitinda mimba akajipenyeza hadi kaunta, akauliza sungura bei gani. Alikuwa anamuuliza kila muuzaji tangu tushuke kwenye basi.

"Sungura?" yule mzee akamwangalia. "Jumla au rejareja?"

"Jumla," akajibu mtoto, bila kusita. Damu haipotei.

Kikokotoo kikageuzwa upande wetu. Dazeni kwa jumla, 84,000. Dazeni kwa rejareja, 132,000. "Tunaokoa arobaini na nane elfu," mume wangu akanambia, uso umemng'aa. Nikamuuliza nyumba yetu ina koki ngapi. Akahesabu kwa vidole: jikoni, bafuni, uani. Vidole vingine vikabaki vimesimama.

"Na ghorofani?" akauliza.

"Ghorofani wapi?"

"Itakapojengwa. Bafu mbili, jiko dogo, na ya kumwagilia maua barazani. Tukingoja mpaka wakati huo bei itakuwa imepanda."

Tukanunua koki za ghorofa ambayo hata ngazi yake haijachorwa. Mwenye duka akaanza kuzipanga kwenye kiroba, akasimama, akauliza: "Nusu au robo tatu?"

"Tofauti ya bei?"

"Hakuna. Robo tatu ni kubwa tu."

"Bei moja?" Mume wangu alinitazama. Ni mtazamo wa mtu aliyeokota noti kwenye mfuko wa suruali ya zamani. "Basi lete kubwa."

Kutoka hapo tukakatiza kwenda Karume kutafuta viatu. Wanaojua mitumba wanajua: kwenye meza huwekwa kiatu kimoja, mwenzake yuko kwenye kiroba chini ya meza au kwa kijana aliyesimama mbali, ili mwizi akikwapua apate hasara. Kifungua mimba akavua kandambili, akavaa cha kulia. Cheusi, ngozi, soli nzima, kikamkaa vizuri. Akatembea nacho kama hatua tano akichechemea kwa furaha. Tukalipa elfu kumi na tano, ndipo cha kushoto kikaitwa.

Kilikuja. Ngozi ile ile, kamba zile zile. Mwanangu akavaa, akasimama, akakunja uso.

"Hiki kinabana."

Nikakigeuza chini. Cha kulia 42, cha kushoto 41.

"Dogo," muuzaji akasema kwa upole mkubwa, "mguu wa kushoto siku zote ni mdogo. Muulize daktari yeyote."

"Sasa mbona mimi..."

"Ngozi hiyo, itapanuka. Wiki moja tu hutakumbuka."

Nilimgeukia mume wangu, nikitegemea hasira ya mzazi. Alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana na muuzaji. "Ni kweli, ngozi hupanuka," akasema, "ila kwa hilo utupunguzie elfu mbili." Akapunguziwa. Ndiyo punguzo pekee la siku nzima ambalo tulilipata kwa mdomo, na lililipiwa na vidole vya mguu wa mtoto.

Rangi ilipatikana haraka: ndoo ya lita 20 iliyobonyea ubavuni, na kwa kubonyea huko bei imeshuka. Bomba la pazia likawa refu kuliko tulivyofikiri. La chuma, mita tatu, halikunjiki. Tukawa na mzigo ufuatao: ndoo ya rangi, kiroba cha shaba kinachohitaji watu wawili, bomba, mapazia, na mtoto ambaye hajapata sungura. Mwendokasi hauingii na bomba la mita tatu. Dereva wa kirikuu akataka elfu arobaini mpaka Kimara. Mume wangu akasema ishirini, akaanza sanaa yake ya kuondoka, ila mwenzake alikuwa na injini, akaondoka yeye.

Mwisho nikapakiwa mimi na kitinda mimba kwenye bajaji, wengine wakarudi na basi. Bomba lilitokeza pande zote mbili, tukawa tunapita Magomeni na upana wa lori. Waenda kwa miguu walikuwa wanatuinamia. Pale Ubungo trafiki akatusimamisha, akalitazama bomba kutoka ncha hadi ncha, akatutazama sisi tuliokaa katikati, akamuuliza dereva: "Hapa mzigo ni upi?" Dereva akafikiri. Nilijisikia vibaya kwamba alihitaji kufikiri.

Elfu ishirini na tano ya bajaji niliiandika mwenyewe kwenye kauntabuku, nyuma kabisa, kwa penseli. Nina ukurasa wangu huko. Hauna kichwa. Una nauli, maji ya kunywa, juisi ya miwa, choo cha kulipia, na vitu vingine ambavyo havijawahi kuingia kwenye kikokotoo cha mtu yeyote pale Kariakoo.

Kutundika bomba la pazia ni kazi ndogo ukiwa na drili, na drili ni kitu cha kuazima. Ya jirani ikaja, pamoja na maelekezo kwamba imetoka kutengenezwa. Mume wangu akapanda ngazi ya miti, akatoboa tundu la kwanza, akaingiza fisha, safi. Tundu la pili, drili ikiwa katikati ya tofali, kukawa giza. Tukachungulia nje. Kwa majirani taa zinawaka. LUKU yetu ilikuwa imekwisha.

Alikataa kushuka. Drili ya watu imebanwa ukutani, ataiachaje? Nikalipia kwa simu, tokeni ikaja, tarakimu 20. Kifungua mimba akasimama kwenye kile kimashine cha kubonyeza, na wa katikati akapewa kusoma, kwa tochi ya simu. Ana tabia ya kusoma namba kwa sauti ya kuuliza.

"Sita?"

"Sita."

"Tatu? Tisa?"

"Nane!" kitinda mimba akadakia, kwa kuwa naye wiki ile walikuwa wanajifunza kuhesabu na nane ndiyo alikuwa anaipenda. Ikaingia nane. Ikakataliwa. Tukaanza upya. Juu gizani sauti ikasema watoto wasome kwa utulivu, baba yao mikono imeanza kufa ganzi. Tukasoma kwa utulivu. Kitinda mimba akazibwa mdomo kwa upande wa kanga yangu. Kumbe wakati huo huo baba mtu alikuwa ameona apumzishe mikono, ameiacha drili ijishikilie yenyewe ukutani, na kitufe chake cha kufungia swichi kikiwa kimebonyea tangu mwanzo.

Tarakimu ya mwisho ilipoingia, vitu vyote vikarudi kwa pamoja: taa, televisheni, friji na drili. Ikaamka peke yake ukutani, ikapiga mzunguko mzima na mwili wake wote, waya ukampitia mume wangu begani, vumbi la tofali likatushukia mpaka kwenye sufuria la wali. Ilipokuja kuchomolewa kwenye plagi tundu lilikuwa linapokea ngumi nzima ya kitinda mimba, alijaribu. Upande huo bomba limekaa juu ya msumari wa bati, sentimita chache chini ya mwenzake. Ukifungua pazia, linaondoka lenyewe kuelekea jikoni.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza tulipaka rangi. Kwa ufupi: ukuta wa plasta ambao haujapigwa skimu hunywa rangi, na wa kwetu ulikuwa na kiu ya miaka. Ndoo ikaisha kwenye ukuta wa pili, karibu na dirisha. Kuku wa jirani akaingia, akakanyaga trei ya rola, akatoka zake barazani bila haraka, akirudi mara mbili tatu kuhakikisha. Sakafu ya saruji ya baraza sasa ina nakshi. Wageni husifia.

Fundi bomba alikuwa ameahidi saa tatu. Saa nne nikampigia.

"Niko njiani mama, nakaribia kabisa."

Nyuma yake niliisikia kwaya, si ya redio, na mtu akimwambia asogee. Saa sita alikuwa bado njiani, ila safari hii njia ilikuwa na kishindo cha kete za bao. Akafika saa nane, na kijana wa kumbebea spana, mmoja, na spana ilikuwa moja vilevile. Kabla ya kugusa chochote akaomba maji ya kunywa. Nikayafungua kwa mwiko.

Akafunga maji ya nyumba, akaing'oa koki ya zamani, akaisafisha nyuzi, akanyoosha mkono bila kugeuka, wanavyofanya madaktari. Mume wangu akampa moja kutoka kwenye kiroba, inang'aa. Fundi akaisogeza kwenye bomba. Akaiondoa. Akaisogeza tena. Akaiinua hadi usawa wa jicho akachungulia ndani yake, upande ule mwingine nikaliona jicho lake likinitafuta.

"Bosi, hii umenunuliwa na nani?"

Pakawa kimya.

"Kwani haiingii?" mume wangu akauliza.

"Inaingia vizuri tu. Ila si kwenye nyumba hii. Hii robo tatu, bomba lako nusu. Hapa unatafuta rediusa."

"Kila moja na ya kwake?"

"Kila moja na ya kwake."

Waliendelea kuongea. Mimi nikavaa ndala nikashuka mpaka njia panda, nikaingia hadiwea, nikaomba koki moja ya nusu inchi. Kijana akasema elfu kumi na mbili. Nikampa elfu kumi na mbili. Hakuwa amezoea, akanipunguzia mia tano mwenyewe, kwa wasiwasi. Fundi akazungushia ule utepe mweupe, akakaza, akafungua maji, akafunga kwa kidole kimoja. Tulisimama tukaiangalia. Kitinda mimba akauliza mwiko sasa utafanya kazi gani.

Kikao cha harusi ya mtoto wa wifi yangu mkubwa kilikuwa saa kumi, ukumbi wa nyuma ya kanisa, na tukaanza saa kumi na moja na nusu, ambayo ndiyo saa kumi ya kamati. Mwenyekiti, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za maji serikalini, akasoma ajenda. Ajenda zilikuwa tano, lakini wote tunajua vikao hivi vina ajenda moja. Katibu akafungua daftari la michango akaanza kuita majina. Sisi tulikuwa tumeahidi laki moja. Bahasha niliyokuwa nimeikagua mchana ilikuwa na nauli ya Jumatatu.

Jina letu lilipoitwa, mume wangu akasimama. Nilishangaa ametoka nyumbani na begi la mgongoni la kifungua mimba, na njia nzima lilikuwa linalia.

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe," akaanza. "Sisi kama familia tumewatafakari maharusi wetu. Chakula kitaliwa, kitaisha. Muziki utapigwa, utaisha. Tukaambiwa vijana hawa wanajenga Goba. Tukaona tuwape kitu kitakachobaki."

Akafungua zipu, akamimina vilivyomo mezani. Sauti ya shaba juu ya meza ya mbao kwenye ukumbi mtupu si ndogo. Wifi yangu alianzisha kigelegele, akaona ni koki, akakikatisha katikati, halafu kwa heshima akakimalizia.

"Dazeni moja kamili," mume wangu akasema. "Mpya."

Katibu akabaki na kalamu juu. "Thamani niandike shilingi ngapi?"

"Andika laki moja na thelathini na mbili elfu."

Niliinua kichwa. Kikokotoo cha Gerezani kilinijia mbele ya macho, upande wa kulia, mstari wa pili.

"Kwa hesabu ipi?" nikamuuliza chinichini alipokaa.

"Ya rejareja," akasema, wazi kabisa, wala hakuuma ulimi.

Watu wakapiga makofi matatu ya pamoja, yale ya kamati. Mwenyekiti hakupiga. Alikuwa ameichukua koki moja, ameiweka kwenye kiganja, anaizungusha polepole kwa kidole gumba, akiupima mdomo wake.

"Katibu," akasema, "umeandika wapi?"

"Kwenye waliolipa, mwenyekiti."

"Futa. Rudisha kwenye ahadi. Hizi ni robo tatu. Akileta rediusa tutamhamisha."